Bati tupu au bati jeupe?

Saa saba mchana, mwezi wa Machi, jua la Nairobi liko karibu utosini. Ikweta haiko mbali. Kwenye ploti yetu Kayole nyumba mbili zinatazamana: moja ina bati tupu linalometameta, nyingine bati lake limepakwa rangi nyeupe.

Kwa macho, utaapa bati tupu ndilo linalofukuza jua zaidi, maana linakufanya ufinye macho. Ni kweli, likiwa jipya hurudisha mwanga mwingi. Shida ni ile sehemu inayobaki: chuma kinachong'aa ni bahili wa kuachia joto, kwa hiyo linarundikana na kushuka kwa waliomo ndani. Rangi nyeupe ikiwa safi hurudisha zaidi ya 70% ya mwanga, na kile kidogo inachokinywa hukitoa upesi kama miale isiyoonekana. Gusa yote mawili: la kwanza utarukisha mkono.

Kutu ikiingia, bati tupu huwa kahawia na kunywa jua zaidi. Nyeupe nayo huchafuliwa na vumbi, inataka kuoshwa. Mimi ningenunua debe la rangi kabla ya feni. Julai ni habari nyingine. Baridi ile haichagui paa.