Feringi ya kubandika kwenye CB400: miezi mitano na safari mbili za Njombe

Nina Honda CB400 Super Four, ile ya kabureta, niliagiza Japani ikiwa imeshatumika. Mi siyo mtu wa kukimbiza pikipiki mjini, hii ni ya safari, ina maboksi mawili pembeni na moja nyuma, kazi yake ni Dar–Njombe kwa mama, zaidi ya km 700, mara tatu kwa mwaka. Ni chombo kitamu sana ila mbele iko uchi, hamna kitu zaidi ya taa ya duara na mita mbili, kwa hiyo ukishapita Chalinze ukaweka mia upepo wote unaupokea wewe kifuani, ukifika Morogoro shingo imekaza na mikono inauma kwa kung'ang'ania usukani kama umening'inia mlangoni mwa daladala.

Honda wenyewe waliliona hilo, mwaka 2005 wakatoa Super Bol d'Or, pikipiki ile ile ila ina feringi, lile koti la mbele lenye kioo, na imebanwa kwenye chesesi siyo kwenye usukani. Hiyo ndo nilikuwa naitaka. Nikaipata feringi iliyotumika lakini breketi zake hamna na taa yake ni nyingine kabisa, nikaona hapa nitaishia kununua pikipiki nzima vipande vipande. Nikaenda mtandaoni nikachukua ya kubandika, muuzaji anasema inakaa pikipiki yoyote yenye taa ya duara ya inchi 7. Mpaka inafika mkononi na gharama za kusafirisha na ushuru, laki tatu na nusu.

Ndani ya boksi kulikuwa na koti lenyewe jeusi, kioo cha akriliki kama mm 3, klempu nne za kubana kwenye shokapu za mbele, raba za unene tofauti tofauti, na karatasi moja ya Kichina yenye picha mbili. Shokapu zangu nilipima zikaja mm 41, raba za saizi hiyo zilikuwemo. Hapo sina lawama.

Lawama ni kwangu, nilimpelekea fundi wa mtaani afu nikaondoka. Niliporudi ananiambia "bosi imekaa hiyo, kama ya kiwandani!" Na kweli kwa macho ilikaa. Nikalipa, nikawasha, nikakata kona ya kushoto kutoka pale kijiweni, usukani umefika mwisho, pikipiki ikaanza kulia yenyewe. Mkono wangu haujagusa kitu! Nikarudisha usukani katikati ikatulia, nikakunja tena kushoto, RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) kutoka elfu moja na kidogo mpaka karibu elfu tatu. Kumbe jamaa kapitisha nyaya za akseleta mbele ya breketi badala ya nyuma, kwa hiyo ukikunja usukani waya unavutika. Fikiria hiyo imekukuta unageuza kwenye foleni Ubungo mbele ya basi. Kwa hiyo we mwenye mpango wa kufunga, kabla hujalipa mtu kunja usukani mpaka mwisho kushoto na kulia injini ikiwa inawaka, sikiliza mlio, angalia na paipu ya breki kama haijabanwa.

Nikaishusha yote nikafunga upya mwenyewe Jumapili nzima. Nikakuta na mengine. Boliti za kioo kazikaza chuma kwa plastiki bila washa ya mpira, na tundu moja kalitoboa karibu sana na ukingo, ufa ulishaanza kama urefu wa ukucha. Nikatoboa kitundu kidogo pale ufa unapoishia ili usiendelee, washa nikakata kwenye tyubu ya baiskeli, nati nikazipaka ile gundi ya bluu maana mtetemo unazilegeza. Taa nayo ilikuwa imeinama kwa nyuma inamulika maembe, nikaishusha usiku kwa kupimia ukutani.

Sasa safari ya kwanza. Kifua raha mustarehe, upepo hamna, ila kichwa! Helmeti inatikiswa kama nazi kwenye kapu, kelele mbaya kuliko siku za uchi, kuanzia themanini mpaka macho yanaona mistari miwili ya barabara. Shida ni kwamba upepo ukiruka juu ya kioo unajikunja, na kile kioo kilikuwa kinaishia pale pale ambapo huo msukosuko unanipiga kidevuni. Ukisimama kidogo kwenye vikanyagio kichwa kikapanda juu, kimya, ukiinama nyuma ya kioo, kimya, ukikaa kama binadamu ndo unachapwa.

Dawa nilipata kwa kuhangaika. Nilibandika vipande vya uzi wa kufumia kwa selotepu, kwenye ukingo wa kioo na kwenye helmeti, nikamwomba mdogo wangu anifuate na gari aangalie. Nyuzi za juu ya kioo zilikuwa zinacheza ngoma. Nikalaza kioo nyuma kidogo, afu chini yake nikaacha uwazi kati ya kioo na koti, kama mm 15, nikatumia vipande vya kandambili kukiinua. Ule uwazi unaruhusu upepo kidogo upite nyuma ya kioo na msukosuko unapungua, nyuzi zikalala. Haikuisha yote lakini sasa nafika Iringa na shingo yangu.

Safari ya pili niliifurahia mpaka nilipopigwa tochi ya trafiki ya kupima spidi. Nyuma ya feringi sabini inajisikia kama arobaini na tano, zamani upepo ndo ulikuwa spidomita yangu, nikaingia kwenye kibao cha 50 najiona mstaarabu kabisa, hela ya faini ikaenda. Mafuta sikuona tofauti yoyote, lita moja bado km 20 na ushee. Mvua ilinikuta Kitonga, kifua kikavu, magoti na vidole chapachapa, na kioo cha helmeti matone hayapeperuki tena kama zamani, inabidi ufute kwa glavu.

Lakini Makambako ndo ilinipa ukweli. Pale upepo unatoka ubavuni, na hii feringi imeshikana na shokapu, kwa hiyo upepo ukiipiga unageuza usukani, siyo pikipiki tu kuyumba. Ukija kupishana na semi la Tunduma, linakuziba upepo sekunde moja afu unarudi wote kwa mpigo, mkono wangu wa kulia uliruka. Nikashuka mpaka sitini nikaenda hivyo hivyo. Boksi la nyuma lenye mzigo linaongeza huo uyumbaji, niliporudi nimelibeba tupu ilikuwa nafuu.

Na mjini Dar ni jasho, foleni ya Mandela saa nane mchana unaitafuta ile hewa ya kifuani huipati.

Kwa hela ile na kwa njia ya mchana isiyo na upepo wa pembeni naipa saba kwa kumi. Kuna jamaa kaniambia breketi za chesesi za Bol d'Or zinakuja na taa yake, zikifika hii naiuza, klempu zote zipo, ufa ni ule mmoja na haujasogea, kandambili nakuachia bure.