Baa 12 za uongo: uzoefu wangu na Leaf ya 40 kutoka yadi ya Mombasa

Nissan Leaf, gari la umeme lenye betri ya kilowati-saa 40, la 2018, limeshuka kutoka Japani, dashibodi inawaka baa 12 kamili za uwezo wa betri. Natoa kidude cha OBD2, cha kusomea kompyuta za gari, nikichomeke, muuzaji anakizuia kwa mkono. "Mkubwa, hapa hatuchomeki vidude. Baa zote hizo huzioni?" Niliziona. Wiki chache baadaye zilikuwa 11, kisha 10. Betri haizeeki kwa kasi hiyo. Kompyuta ya betri ilikuwa imefutwa kumbukumbu kabla gari halijawekwa yadini, na yule bwana alijua, ndiyo maana mkono wake ulikuwa mwepesi vile. Yadi siitaji jina. Ninachotaka ni mnunuzi mwingine asiingie mtego uleule.

Baa zenyewe, hata zisipochezewa, hazisemi mengi. Baa ya kwanza haidondoki mpaka betri ipoteze takriban asilimia 15 ya uwezo wake. Baada ya hapo kila baa ni asilimia 6 na ushei. Kwa hiyo gari lenye baa 12 laweza kuwa na betri ya asilimia 99 au ya 86, na dashibodi haitakuonyesha tofauti. Sasa ongeza udanganyifu. Kumbukumbu ikifutwa, kompyuta inadhani betri ni mpya na kuwasha baa zote. Seli hazijaongezeka nguvu hata chembe. Unapoendesha na kuchaji, kompyuta inajifunza upya kidogokidogo, na baa zinaanza kuanguka ukiwa umeshalipa na kadi ya gari imeshabadilishwa jina.

Kwa hiyo usinunue Leaf bila LeafSpy. Ni programu ya simu inayosoma kompyuta ya betri kupitia kidude cha OBD2 cha Bluetooth. Vidude vingine vya bei rahisi haviongei na Leaf kabisa, kwa hiyo kijaribu kwanza kwenye gari la mtu unayemfahamu. Kwa Leaf ya 40 angalia Ahr, yaani ujazo wa betri kwa ampea-saa: mpya huwa karibu 115. Angalia SOH, yaani asilimia ya uwezo uliobaki. Gari la 2018 lililotembea kilomita elfu hamsini au sitini likikuonyesha SOH 99 au 100, usishangilie. Ondoka. Ni bora gari linalosema 84 kwa ukweli kuliko linalosema 100.

Ukurasa wa seli ndio mgumu kudanganya, kwa sababu unaonyesha volti za jozi 96 za seli moja moja. Usiangalie betri ikiwa imejaa. Ikijaa hata betri mbovu inapendeza. Iangalie ikiwa chini ya asilimia 20, kisha kanyaga mafuta kwa nguvu (tumezoea kusema mafuta) na utazame tofauti kati ya jozi ya juu na ya chini. Jozi moja ikizama milivolti mia au zaidi chini ya wenzake, moduli yake, yaani kifurushi cha seli ilimo, imechoka, na hiyo moja ndiyo itakayolizimisha gari wakati nyingine bado zina chaji. Vijiti vyekundu kwenye ukurasa huo visikutishe: vinaonyesha seli ambazo kompyuta inazisawazisha wakati huo.

Wakikukatalia kuchomeka, bado una mita ya umeme, na hiyo hakuna fundi wa yadi anayeweza kuifuta. Endesha gari mpaka asilimia ya chaji ipotee kwenye dashibodi na vistari vitokee mahali pake, ukiwa karibu na pa kuchajia. Soma mita, chaji mpaka ijae yenyewe, soma tena, huku vitu vingine vizito vimezimwa. Leaf ya 40 yenye betri mpya huweza kutumia kama yuniti 38 (yuniti ni kilowati-saa), na kwa kuwa sehemu ya kumi hivi hupotea kwa joto njiani, mita itahesabu takriban 43. Yangu ilimeza 33. Gawanya 33 kwa 43, unapata asilimia 76 au 77, na LeafSpy ilipokuwa imeshatulia ilisema 76. Dalili nyingine ya kompyuta iliyofutwa utaiona barabarani: asilimia inashuka polepole na kwa adabu mpaka 40 hivi, halafu inaporomoka, kwa sababu kompyuta ilikuwa ikihesabu kutoka kwenye tangi kubwa kuliko lililopo.

Asilimia hizo 24 zilizokosekana ni kilomita. Kwa kilomita 6 kwa yuniti, kipoza hewa kikiwaka, betri mpya inakutoa Mombasa mpaka Malindi na kukurudisha mpaka Mtwapa. Hii niliyouziwa inafika Malindi, ikigeuka inaishiwa kabla ya Kilifi.

Hapo ndipo nilipotaka kuandika kwamba msinunue Leaf. Lakini sitakuwa mkweli. Gari lenyewe ni zuri. Halitetemeki, halina mafuta ya injini ya kubadilisha, breki haziliki upesi kwa sababu mota ndiyo inayofanya kazi kubwa ya kupunguza mwendo, na kupanda Makupa ukitokea taa nyekundu unayaacha magari ya bei mara mbili. Kwa mizunguko ya mjini ya kilomita 60 au 80 kwa siku, hata betri ya asilimia 76 inatosha na kubaki. Kosa ni bei niliyolipishwa kana kwamba ni betri ya 100.

Tena tusizunguke jambo la joto. Betri ya Leaf hii haina maji ya kuipoza. Inategemea hewa tu. Joto pamoja na chaji ya juu ndivyo vinavyoiua, na Pwani tuna vyote viwili. Usiiache imejaa asilimia 100 juani kutwa. Ichaji usiku wa manane ikiwa imepoa, ukiweka taima iishie karibu na 80, na uijaze yote pale tu unapotaka kusafiri. Ukienda Nairobi, chaji ya haraka ya kwanza itakuwa ya haraka kweli. Ya pili, betri ikiwa imeshapata moto, kompyuta itaibana mpaka ikuchoshe. Gari halijaharibika hapo, linajilinda. Wamiliki wa nchi nyingi walilipigia kelele jambo hilo tangu 2018.

Ndiyo maana mazungumzo ya wamiliki sasa ni haya: tusubiri nini, na bei itaelekea wapi? Leaf mpya kabisa iliyozinduliwa Juni 2025 imepewa upozaji wa maji, jambo lililodaiwa miaka yote. Wengine wanasema itaziangusha bei za zamani mara moja. Sioni hivyo kwa Kenya. Nakala zilizotumika zitachukua miaka kutufikia. Kinachotugusa leo ni kanuni ya miaka 8 ya KEBS, shirika la viwango la Kenya: tangu 2026 ilipoanza, gari la 2018 haliingii tena, na wauzaji wameshaanza kuziita zilizobaki yadini "za mwisho mwisho" ili wapandishe bei. Msiwasikilize. Mlango uliofungwa kwa 2018 unaingiza za 2019, na katika hizo imo Leaf e+ ya 62, iliyoanza kuuzwa Japani Januari mwaka huo. Kadiri zinavyoingia nyingi, ya 40 itakosa sababu ya kuuzwa ghali.

Je, 62 inastahili nyongeza? Kwa Pwani nasema ndiyo, na si kwa sababu ya mbio. Nayo haina maji ya kuipoza, lakini ina seli 288 badala ya 192, tatu tatu kwa kila kundi badala ya mbili mbili. Mzigo uleule ukigawanywa kwa seli nyingi, kila moja inapata moto kidogo. Ukichaji kutoka 30 hadi 80 kwa matumizi ya kila siku, hujaikamua. Hata hivyo kipimo cha mita ni kilekile; ya 62 nayo inaweza kufutwa kumbukumbu.

Wengine wanaelekeza macho kwa magari ya Kichina yenye betri za LFP (lithiamu, chuma na fosfeti), zinazovumilia joto vizuri zaidi. Hoja ni ya kweli, ila angalia tundu la chaji kabla ya bei. Yaliyotengenezwa kwa soko la China yana GB/T, Leaf ya Japani ina CHAdeMO, na chaja nyingi mpya zinazofungwa ni CCS2. Ulizia kituo kilicho njiani kwako kina plagi gani, usiulize nchi nzima ina chaja ngapi.

Mambo mengine ambayo yadi haikusema hata neno. Leaf nyingi za Japani zina chaja ya ndani ya kilowati 3, ya 6 ilikuwa ya kuongezewa: ya kwanza inachukua kama saa 16 kujaza, ya pili 8. Tena usichaji usiku kucha kwenye soketi ya kawaida ya pini tatu; inaweza kuyeyuka. Fundi akufungie laini yake peke yake kutoka kwenye boksi, waya wa milimita 6, swichi ya kukata umeme ukivuja, na waya wa ardhini uliopimwa. Na taa za hitilafu zikiwaka zote kwa pamoja asubuhi, pima betri ndogo ya volti 12 kwanza. Ikiwa chini ya 12.4 gari likiwa limepumzika, ichaji au ibadilishe kabla hujamlipa mtu kukufungulia betri kubwa.

Kwa hiyo Leaf naipa nne kati ya tano, na nikiendelea kufikiria Malindi naishusha hadi tatu. Yadi naipa sifuri. Dhamana ya betri ya Japani, inayolinda baa zisishuke chini ya 9, haikuvuka bahari pamoja na gari, na mkataba wa hapa unasema "lilivyo, lilipo". Nimewapelekea picha za mita, yuniti 33, na za LeafSpy, nikidai tofauti ya bei. Walichonirudishia ni picha moja ya dashibodi siku ya mauzo, baa 12 zikiwaka.