Projekta safi, mkalimani ana maneno mengi

Hii ni huduma ya kukodi. Vijana wanakuja na projekta, turubai jeupe, spika mbili na mkalimani anayetafsiri filamu papo kwa papo kwa maikrofoni. Tunalopima hapa ni onyesho lao la Straw Dogs, filamu ya Sam Peckinpah ya 1971, juu ya paa la nyumba ya Mji Mkongwe. Vyombo ni vizuri. Kasoro iko mdomoni.

Projekta ya mwanga wa lumeni 3,000 kwa turubai la upana wa mita 3 inatosha, ila kwa filamu hii inatosha kwa shida, kwani sehemu yote ya mwisho ni usiku, ndani ya nyumba iliyozingirwa. Mwambie fundi aondoe hali ya kubana umeme, zimeni taa ya ngazini, na msipange siku ya mwezi mpevu. Turubai walilifunga pembe nne tu. Upepo wa kusi ukaingia, likavimba kama tanga, sura za watu zikawa zinarefuka na kufupika. Linataka kamba nane: pembe nne, na moja katikati ya kila upande. UPS, yaani betri ya akiba, wanayo, na hilo ni la kusifu: umeme ukikatika ghafla feni husimama balbu ingali ya moto, na balbu ya namna hiyo haidumu. Ukianza baada ya Isha, saa mbili na nusu, unamaliza karibu saa nne na nusu.

Jambo moja la kukagua kabla ya kulipa: faili. Ipo pia filamu ya 2011 yenye jina hilohilo, ambayo kisa chake kimehamishiwa Mississippi na mume ni mwandishi wa filamu. Ile ya 1971 ni ya Dustin Hoffman, anayeigiza David, mwanahisabati Mmarekani aliyehamia na mkewe Amy kijiji kimoja cha Cornwall, Uingereza.

Sasa mkalimani. Sauti anayo, na mzaha wake unachekesha. Lakini amezoea filamu za ngumi, ambazo steringi hunyamaza akivuta pumzi tu. Hapa ukimya ndio kazi yenyewe. Amy anageuza alama ya kujumlisha kuwa ya kutoa kwenye ubao wa hesabu za mumewe, bila kusema kitu. Ndoa yao yote imo kwenye kile kistari cha chaki. Mkalimani alikuwa bado anamsimanga David kwa ubwege, paa zima likapitwa.

Kosa kubwa zaidi ni pale wanakijiji wanapoizingira nyumba na vita vinapoanza. "Sasa amekuwa mwanamme!" akapiga kelele, watu wakashangilia. Tazama vizuri anachofanya David: anachemsha mafuta jikoni, anaweka santuri ya zumari za Waskochi kwa sauti ya juu, na mwisho mtego mkubwa wa chuma wa kunasia watu unapata kazi. Huyo hajaacha akili akashika silika ya mnyama. Akili ileile ya ubaoni ndiyo inayoua, kwa mpangilio, na inaona raha. Ukimwita shujaa tu umeikata filamu nusu. Ukimwita mnyama tu, umemsamehe mapema mno.

Tukio la Amy kubakwa linataka tahadhari ya peke yake. Ndilo lililochangia filamu hii kunyimwa kibali cha kuuzwa kwa video Uingereza tangu 1984 hadi 2002, na namna lilivyopigwa bado ina lawama zake, za haki. Watoto wasiwepo, wakubwa waambiwe kabla ya kukaa, na mkalimani afunge mdomo kabisa. Huyu alitupia mzaha. Hapo hana udhuru.

Tungewakodi tena, kwa sharti: mkalimani apewe karatasi ya sehemu za kunyamaza, na aitazame filamu mara moja kabla ya siku yenyewe. Ya mwisho kwenye karatasi iwe ile ya garini. Henry Niles, yule mtu ambaye David alimficha nyumbani wanakijiji wakimsaka, anasema hajui njia ya kurudi kwao, David naye anamjibu kuwa hata yeye haijui. Usiku ule jibu hilo halikusikika. Maikrofoni ilikuwa bado inahesabu maiti.