Masomo ya likizo Nkuhungu: mafunzo mazuri, mlango mwembamba

Likizo ya Juni nilimpeleka binti yangu wa darasa la nne kwenye kituo kimoja cha masomo ya likizo huko Nkuhungu, Dodoma, kwa kuwa alikuwa bado anasoma Kiswahili kwa kuvuta silabi moja moja kama anayetoa miba mguuni. Ada ilikuwa shilingi 40,000 kwa wiki nne, kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 6 mchana, uji ukiwemo.

Nilichokipenda ni kwamba hawakuwakimbiza watoto kwenye mada za muhula ujao, kama zifanyavyo tuisheni nyingi za mjini. Siku ya kwanza mwalimu alimsomesha kila mtoto aya fupi kwa sauti, kisha akawapanga kwa uwezo wa kusoma badala ya darasa, na binti yangu akajikuta benchi moja na wa darasa la pili. Alinuna siku mbili. Wiki ya tatu, tukiwa ndani ya bajaji, alinisomea bango la dawa za mifugo lote, hadi maandishi madogo ya chini.

Kasoro zipo: vitabu ni vichache, watoto watatu wanagombea kimoja, na madirisha hayana vioo, kwa hiyo upepo wa Juni (wakazi wa Dodoma wanaujua) huupoza uji kabla haujanyweka.

Lalamiko langu kubwa, hata hivyo, halimhusu mwenye kituo. Elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, ruzuku ya uendeshaji kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ilipangwa shilingi 10,000 kwa mwaka, fungu la vitabu likiwa humo humo. Mimi nimelipa mara nne ya hizo kwa mwezi mmoja. Marekani, serikali kuu hutenga zaidi ya dola bilioni moja kwa mwaka kugharimia masomo ya baada ya saa za shule na ya kiangazi, ingawa Julai 2025 fedha hizo nazo zilizuiwa kwa muda. Kwetu madarasa yapo tayari, yamefungwa kufuli likizo nzima; halmashauri ingebeba posho za walimu na uji tu.

Mtoto wa jirani yangu alikuwa akimsindikiza binti yangu hadi getini, kisha anarudi nyumbani. Nimeuliza kuhusu Desemba, na kituo kimekubali mama yake alipe kwa awamu mbili.