Miaka miwili ya kusimamia mwenyewe huduma ya mama nyumbani: uzoefu wangu

Mama yangu ana miaka 79. Magoti yamemchoka na kisukari hakimpi raha. Tunaishi Brisbane, na mwaka 2023 serikali ya Australia ilimpa Home Care Package ya daraja la 3, yaani kama dola 39,000 kwa mwaka ili ahudumiwe nyumbani kwake badala ya kupelekwa kwenye makao ya wazee. Nilipoisoma ile barua nilidhani shida zimekwisha.

Hela hiyo huipati mkononi. Inapitia kwa kampuni iliyosajiliwa, na ya kwanza tuliyoichukua ilitutoza karibu kiwango cha juu kabisa kilichoruhusiwa wakati ule: asilimia 20 ya kusimamia huduma na asilimia 15 ya kusimamia hela. Theluthi nzima na zaidi imekwenda kabla hata mtu hajamshika mama mkono. Saa moja ya mhudumu wao ilikuwa dola 72. Piga hesabu mwenyewe: mama alibakiwa na kama saa 7 kwa wiki. Na hizo 7 zilikuja na sura mpya kila mara. Mama, ambaye Kiingereza chake kinaishia kwenye salamu, avuliwe nguo na mgeni Jumatatu, Jumatano aje mgeni mwingine. Akaanza kuwaambia kwa ishara kwamba ameshaoga. Hakuwa ameoga.

Mwanzoni mwa 2024 tukahamia kampuni inayoruhusu mteja kujisimamia. Kuhama kwenyewe hakukutuletea faini, kwa sababu ada za kuondoka zilishafutwa. Mpango ni huu: kampuni inatunza hela na kubaki na wajibu wa kisheria, wewe unatafuta wahudumu, unapatana nao bei, unapanga ratiba, unahakiki ankara. Wao wakachukua asilimia 13. Nikampata binti wa Kitanzania mwenye cheti cha kuhudumia wazee, ripoti ya polisi, bima na namba yake ya biashara. Tukapatana dola 55 kwa saa. Saa 7 zikawa 12.

Lakini kilichonibakisha huku si hizo saa. Siku ya kwanza yule binti aliingia, akapiga goti kidogo, akasema "Shikamoo, bibi." Mama akamwangalia kwa muda, akaitikia marahaba, kisha akauliza ukoo wake na wazazi wake wako wapi. Siku ile alioga. Baada ya mwezi ndiye binti huyo aliyegundua kidonda kwenye unyayo ambacho mama alikuwa anatuficha sisi watoto wake. Kwa mtu mwenye kisukari, kidonda hicho kingeweza kutufikisha pabaya.

Sasa upande wa pili, maana wengi wanaosifu kujisimamia hawausemi. Nimekuwa karani. Jumapili jioni nakaa na ankara, nikilinganisha saa na ratiba ya ukutani. Mhudumu akiugua hakuna wa kumpigia simu alete mwingine; mwaka jana nilichukua likizo mara nne. Kuna kipindi kampuni ilichelewesha malipo wiki tatu, na binti wa watu ana kodi ya nyumba. Nikamlipa mfukoni mwangu, kisha nikaanza safari ya kudai. Nilinunua pia godoro maalumu bila barua ya mtaalamu wa kuthibitisha kwamba mama analihitaji. Risiti ilirudishwa. Godoro ni langu hadi leo, na ni zuri, nalilalia mimi. Usinunue chochote kabla ya kupata kibali kwa maandishi. Chakula chenyewe, kodi na umeme havilipwi hata ulie. Na usijidanganye kwamba utajilipa wewe au dada yako: ndugu wa familia kwa kawaida haruhusiwi.

Tarehe 1 Novemba 2025 utaratibu wote ulibadilika ukawa Support at Home, wenye madaraja 8 badala ya 4. Kujisimamia kumebaki. Kilichobadilika kwetu ni bajeti: inakuja kila miezi mitatu, na inayovuka kwenda robo inayofuata ni dola 1,000 au asilimia 10, ile iliyo kubwa. Zamani nilikuwa naweka akiba ya siku mbaya. Sasa ukibana sana unaipoteza. Asilimia 10 inakatwa kwa ajili ya uratibu, na kampuni huongeza sehemu yake juu ya kila ankara. Saa zetu zimeshuka zikawa 11.

Mama hachangii kitu kwa sababu aliidhinishwa kabla ya tarehe 12 Septemba 2024 na anaishi kwa pensheni kamili. Jirani yetu aliyeingia baadaye, naye ana pensheni kamili, anachangia asilimia 5 kwa kuogeshwa na 17.5 kwa usafi wa nyumba. Uuguzi halipii. Kwa hiyo mtu akikuambia "kwetu ni bure", muulize kwanza aliidhinishwa lini.

Ningemshauri nani? Kama nyumbani kuna mtu mmoja anayeweza kutenga saa tatu kwa wiki za makaratasi na haogopi kubishana kwa barua pepe, ahamie kesho. Kama uko peke yako na una zamu za usiku, baki na kampuni inayokupangia, ila idai mhudumu yuleyule kila wiki. Lugha isikuzuie: piga 131 450, omba mkalimani wa Kiswahili, naye atakuunganisha na My Aged Care, ofisi ya serikali inayoshughulikia huduma za wazee. Mimi nilikaa mwaka mzima nikitafsiri kila kitu mwenyewe kabla sijaijua hiyo namba.

Nyota nne. Ya tano ni ya lile godoro.