Saa ya mkononi au kocha: nani anakupa ari ya mazoezi?

Saa ya kuhesabu hatua ina sifa moja kubwa: haichelewi. Ukipanda ngazi, namba inapanda papo hapo, na wengi huongeza mzunguko mmoja kabla ya kulala kwa sababu hiyo tu. Lakini lengo la hatua 10,000 halikutoka maabara. Lilianzia kwenye matangazo ya kifaa cha kuhesabia hatua huko Japani miaka ya 1960. Anayeishia 6,000 huonekana ameshindwa, ilhali mwili wake umefaidika. Hilo linaniudhi, maana huyo ndiye anayehitaji kutiwa moyo.

Kocha hasemi mara nyingi, ila huona kisichohesabika. "Juzi ulisimama mara mbili kwenye kile kilima, leo hukusimama." Mtu akiambiwa hivyo anajua kwamba anaweza, na wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan wanaihesabu hisia hiyo ya uwezo kuwa mojawapo ya nguzo za motisha inayotoka ndani. Kocha wa kufokafoka, afadhali saa.

Anayeanza ningempa kocha. Saa imfae aliyekwisha kuzoea, anayetaka kujua tu kama wiki hii amefikisha dakika 150 za mazoezi ya wastani zinazopendekezwa na Shirika la Afya Duniani.