Nimebadilisha SSD mara mbili: kwa laptopu, tazama wati kabla ya kasi

Nahariri video za harusi hapa Ngamiani, Tanga. Laptopu yangu ina miaka sita, na SSD yake (diski ya kuhifadhia mafaili) ya GB 256 ilikuwa imejaa pomoni. Nikanunua NVMe, yaani SSD ya aina ya kasi, ya TB 1, inayotumia PCIe (njia ya kupitishia data) ya kizazi cha nne, kwa sababu ya kasi tu. Nafasi ya M.2, yaani tundu la kuchomekea SSD, kwenye laptopu hii inaishia kizazi cha tatu. SSD ilifanya kazi bila tatizo, ila kasi ya ziada niliyoilipia sikuiona kabisa.

Nilichokiona ni joto. Kaskazi hii chumba changu kinafika nyuzi 32 mchana, hata ukifungua madirisha yote. Nilipohamisha GB 180 za picha za harusi kutoka SSD ya nje, mwendo ulianza vizuri, kufika katikati ukaporomoka. CrystalDiskInfo, programu ya kukagua hali ya diski, ilisoma nyuzi 83, na pale ninapoegemeza kiganja cha kushoto paliunguza.

Kwanza nilidhani ni ile sehemu ya kuandikia haraka ndani ya SSD imejaa, maana hilo ni la kawaida mzigo ukiwa mkubwa. Nikaacha ipoe, nikafungua kava la chini, nikaielekezea feni ya mezani na kurudia kazi ileile. Joto halikupita nyuzi 61, mwendo haukuanguka. Basi, SSD ilikuwa inajipunguza kasi yenyewe isiungue. Na chaji nayo: betri iliyokuwa inanipa saa nne ikawa haifikishi tatu.

Hapo ndipo nilipoisoma lebo, jambo nililopaswa kulifanya dukani. Iliandikwa 3.3V 2.5A. Zidisha, unapata wati 8 na ushei ikifikia kilele, ndani ya kijipande cha upana wa milimita 22 kilichobanwa chini ya kava bila upepo. Muuzaji, Mungu ambariki, alikubali nibadilishe. Nikachukua ya kizazi cha tatu, lebo yake 3.3V 1.5A, yaani karibu wati 5. Haina chipu yake ya DRAM (kumbukumbu ya muda), inaazima RAM kidogo ya laptopu, na hilo nalo hupunguza ulaji wa umeme. Kwa kazi zangu sioni tofauti ya mwendo.

Fundi aliniwekea pia pedi ya kupitisha joto ya milimita 1 kati ya SSD na kava la chuma. Pimeni nafasi kwanza, jamani. Pedi nene inaikunja SSD ukikaza skrubu. Kava lenyewe sasa lina uvuguvugu kidogo, kwa hiyo laptopu siiweki tena juu ya godoro.

Mzigo uleule wa GB 180, bila feni: nyuzi 64 na mwendo haukatiki. Jumamosi umeme ulikatika saa mbili usiku nikiwa natoa video ya bwana harusi wa Chumbageni. Nilimaliza kwa betri, ikabaki asilimia 18.